Mwalimu na Shikamoo Iliyokwama

Ukifuatana na Mwalimu kwenda popote, ujue utachelewa. Si kwamba alikuwa na mwendo wa pole. Alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Shida ilikuwa milango. Akifika penye mlango, daraja la ubao au kichochoro, anasimama pembeni kuangalia watu wanavyopishana. Mama mwenye ndoo kichwani anakutana na mwenye baiskeli ya mkaa, huyu anasogea kulia, yule naye anasogea huko huko, wanarudi wote kushoto, wanakutana tena, wanacheka, wanaambiana pita wewe, hapana pita wewe. Hapo Mwalimu anasahau kabisa tulikokuwa tunakwenda.

"Umeona?" ananiuliza. "Hakuna mbaya, hakuna mkali, na hakuna aliyepita."

Alitufundisha hesabu sekondari, hapa hapa Mpanda, miaka ya tisini inaanza. Mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata lile joto la Oktoba linalofanya mbuzi wagombee kivuli. Aliwahi kupelekwa nje kusoma mambo ya kompyuta. Akarudi na kitabu kinene kilichobanduka jalada, kwenye mji ambao umeme ulikuja ukitaka, na kompyuta yenyewe hakuna aliyewahi kuiona hata kwa mbali. Mtu mwingine angekaa akajihurumia. Yeye alitwambia kompyuta ipo, ni sisi wenyewe. Basi kila Ijumaa mchana, wenzetu wakicheza mpira, sisi tulikuwa programu.

Kitabu chake kilikuwa na kisa cha wanafalsafa watano waliokaa mezani, katikati uma tano, na kila mmoja hawezi kula bila uma mbili. Alikisoma kwa sauti nzito, akafunga kitabu, akatuuliza tatizo liko wapi. Mwenzetu mmoja wa Kasokola, Nestori, akanyoosha mkono akauliza kwa nini wasile kwa mikono. Darasa zima tukaona hilo ndilo jibu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu, suruali yote chaki. Ijumaa iliyofuata hakuleta wanafalsafa. Alileta spana za baiskeli.

Akatukalisha watano kwa mduara, kati ya kila wawili spana moja. Sisi ni mafundi baiskeli, akasema, na ili ufungue nati lazima uwe na spana mbili, moja ya kushikilia na moja ya kuzungushia. Haya, kazi ianze. Sote tukadaka ya kulia. Sote tukanyoosha mkono wa kushoto, na kila mmoja akakuta jirani yake ameshaishika. Tukatazamana. Nestori akatangaza kwamba yake haachii, ng'o. Nami nikasema yangu vile vile. Mwalimu akakaa juu ya dawati, akatoa hindi la kuchoma mfukoni, akalitafuna lote taratibu mpaka kengele ikalia, sisi tumeng'ang'ana na vyuma.

Ndipo akatufundisha dawa yake. Aliandika namba kwenye spana kwa chaki, akasema kila fundi aanze kuchukua yenye namba ndogo kati ya mbili zilizo karibu naye. Tukajaribu. Wanne wakaenda upande mmoja, yule wa tano namba ikamlazimisha aanze upande mwingine, akakuta imeshikwa, akabaki mikono mitupu, na spana ambayo angeikalia bure ikatumiwa na jirani. Mduara ukafunguka. Fundi mmoja tu akianza kinyume, akasema, wote wanapata kazi. Niliona ni uchawi, na mpaka leo sijaacha kuona hivyo.

Tangu siku hiyo swali lake kwa kila mtu lilikuwa moja: "Umeshika nini, na unangoja nini?" Alimuuliza mwanafunzi anayelia, alimuuliza muuza nyanya, alimuuliza padri. Na ajabu ya swali lile, ukilijibu kwa uaminifu, mara nyingi unakuta umeng'ang'ania kitu ambacho wala hukitaki.

Sasa usidhani mtu huyu alikuwa na mpangilio kwake mwenyewe. Choo cha walimu kilikuwa na ufunguo mmoja, na yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa msumari: ufunguo ukiwa msumarini, nenda, usipokuwepo, kuna mtu, ngoja. Utaratibu mzuri, wala hauna ugomvi. Ila yeye mwenyewe alikuwa anatoka chooni akiwaza, anatumbukiza ufunguo mfukoni, anapanda baiskeli huyoo nyumbani. Walimu wazima wanabaki wanauangalia msumari, kila mmoja anaamini ndani kuna mwenzake mwenye matatizo makubwa. Siku moja mwalimu wa Kiswahili alikwenda kugonga mlango kwa upole akampa pole mtu ambaye hayumo.

Au lile la kinyozi. Kulikuwa na kinyozi pale mtaani Shanwe, kibanda chake kina pazia mlangoni na benchi nje. Asiye na mteja hulala, na huyu alilala kwenye kiti chake cha kunyolea, redio inaongea. Mwalimu akafika, akasikia sauti ndani, akadhani kinyozi ana mtu, akakaa kwenye benchi. Kinyozi ndani anangoja mteja amwamshe. Mteja nje anangoja kinyozi amwite. Mke wa Mwalimu alimkuta pale benchi jioni, nywele zote zipo. Tulipomcheka darasani alifurahi kuliko sisi, akachora kibanda chote ubaoni na pazia lake, akaonyesha kosa liko wapi. Kosa ni pazia, akasema. Hakuna aliyechungulia.

Nimeanza na haya ya kuchekesha kwa sababu lile jingine halikunichekesha lilipotokea.

Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga huko huko Shanwe, uani kwetu na kwa Mwalimu tunatenganishwa na ua wa minyaa. Baba alikuja na ng'ombe kutoka Usukumani, ng'ombe akawageuza injini ya dizeli, na injini ile ilikuwa na kelele ambazo ukikaa nazo unaacha kutumia masikio. Mashineni kila kitu ni mikono na midomo. Anayemimina mahindi juu hamsikii anayekinga unga chini. Kiroba kikijaa, wa chini anainua mkono, wa juu anasimama, la sivyo unga unamwagika. Nilipomaliza kidato cha nne nikaingia kazi hiyo, na baada ya msimu mmoja nilikuwa nasoma midomo ya mtu hatua nyingi mbali. Akina mama wakinisengenya foleni nilikuwa nawajibu, wanashtuka.

Mwalimu aliipenda mashine kuliko ofisi ya walimu. Alikuwa anakuja kukaa tu, anatazama ule mkono unaoinuka. Alisema kitabu chake kina sura nzima kuhusu mkono huo. Baba naye alimpenda, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni sura ya kitabu.

Basi wakaalikwa harusi Kakese, wakaenda wote kwa baiskeli. Kwenye sinia la wali wazee wakasema aanze kunawa mkubwa. Baba akasogeza mikono. Mwalimu naye akasogeza yake. Wakaulizana nani mkubwa. Baba akasema yeye amezaliwa mwaka wa nzige. Mwalimu akasema mama yake alimwambia kwamba nzige walipokuja, yeye alikuwa anawafukuza kwa miguu yake. Baba akauliza nzige wepi, maana walikuja zaidi ya mara moja. Watu wakacheka. Baba akasema, basi niamkie. Mwalimu akasema, niamkie wewe. Wakarudi Shanwe wanacheka njia nzima.

Kesho yake asubuhi wakakutana penye minyaa. Kila mmoja akasimama, anatabasamu, anangoja shikamoo yake. Haikutoka. Keshokutwa tabasamu likapungua. Wiki ilipokwisha ulikuwa si utani tena. Na nyie mnajua kwetu: huwezi kumwambia mtu neno kabla hujamsalimu, hata kama nyumba yake inaungua. Hakuna salamu, hakuna mazungumzo. Watu wawili waliokuwa wanaongea kila siku wakawa wanapishana kimya, wameinua shingo, kila mmoja anamngoja mwenzake. Wangegombania mbuzi, wazee wangewapatanisha siku moja. Lakini walipoitwa na kuulizwa kosa ni nini, kosa halikupatikana. Hakuna mbaya, hakuna mkali, na hakuna aliyepita.

Ukapita mwaka, ukaja mwingine. Mahindi ya kwa Mwalimu yakawa yanasagwa mashine ya mbali. Baba kiti alichokuwa anakalia Mwalimu alikigeuza kikaelekea ukutani, na mteja akitaka kukikalia anafukuzwa.

Mimi hayo yaliniuma kwa sababu yangu. Kijana mkubwa wa Mwalimu, Deo, alikuwa amemaliza chuo, anafundisha shule ya msingi Kasokola, na mimi na yeye tulikuwa tumekubaliana tangu siku nyingi. Deo akatuma mshenga. Baba akampokea vizuri, akamlisha, akamsikiliza, kisha akasema kijana simkatai, ni kijana mzuri, ila mimi sipokei posa ya nyumba ambayo hatusalimiani. Aje baba yake, aniamkie, tuongee. Mshenga akavuka minyaa. Mwalimu akasema atakwenda hata sasa hivi, akiamkiwa. Mshenga alivuka minyaa ile mpaka ikafanya njia.

Na shangazi yangu hakulala. Alikuwa na mtu wake huko Tabora, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili, anampigia debe kila akija. Baba akasema mbele yangu kwamba mavuno yakiisha Mwalimu hajaja, atamsikiliza dada yake. Nililia siku hiyo, sioni aibu kusema. Mavuno yalikuwa yameshaanza.

Nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta anasahihisha madaftari, nikampa shikamoo yake, akaitikia, nikakaa. Nikamwambia sikuja kubembeleza, nimekuja na swali lake mwenyewe.

"Mwalimu, umeshika nini, na unangoja nini?"

Alifunga daftari lililokuwa mbele yake. "Nimeshika heshima yangu," akasema. "Nangoja ya baba yako."

"Na ulitufundisha mmoja aanze kinyume."

"Nilifundisha. Lakini programu haina uso, mwanangu. Mimi ninao."

Niliondoka nimekasirika kweli. Mtu anayejua dawa na hainywi anaudhi kuliko asiyeijua. Njiani nikasema moyoni huyu mzee na kitabu chake wakae huko huko, na Deo nikamwambia hivyo hivyo, ingawa ni baba yake.

Mavuno yalikuwa yanaelekea kwisha. Siku hiyo mashine imejaa, madebe na viroba vimepangwa foleni mpaka barabarani, nami niko juu namimina. Nikaona akina mama wanageuka wote kutazama njiani. Mwalimu anakuja. Peke yake, debe la mahindi begani, shati limefungwa mpaka shingoni na limelowa jasho lote. Hakuweka debe kwenye foleni. Alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka alipokuwa Baba, chini, anakinga unga.

Baba akamwona. Akaachia kiroba. Wakasimama wanatazamana, mweupe kwa unga mmoja, mwekundu kwa vumbi mwingine, na injini inaunguruma kati yao. Kisha, nyie, sijui niseme vipi. Wote wawili waliinamisha kichwa. Kwa pamoja. Kila mmoja macho chini, anatazama vidole vya miguu yake mwenyewe, na midomo ya wote wawili ikacheza. Mtu wa mashineni hakosei hapo: marahaba inakuacha mdomo wazi, shikamoo inausukuma mbele mwishoni. Midomo yote miwili ilikuwa mbele. Hakuna aliyemsikia mwenzake, hakuna aliyemwona mwenzake. Walipoinua macho, kila mmoja alikuta mdomo wa mwenzake ndio unafungwa. Niliyeona ni mimi, mahindi yanamwagika nje ya mashine.

Baba akainua mkono. Kijana wa injini akazima. Hata kuku waliokuwa wanadonoa waliacha.

"Za nyumbani?" Mwalimu akauliza.

"Nzuri tu," Baba akasema. "Mama Deo hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia."

Baba akachukua lile debe begani kwa Mwalimu, akanipa nimimine, mbele ya foleni nzima, yeye ambaye hajawahi kumruhusu hata katekista kuruka zamu. Mama mmoja akaanza kunung'unika, wenzake wakamvuta kanga. Kisha Baba akaenda ukutani, akakigeuza kile kiti, akakipangusa kwa mkono. Posa ikaja Jumapili iliyofuata. Shangazi alirudi Tabora na uso mrefu, ila kwenye harusi alicheza kuliko wote, lazima niseme.

Siku chache kabla ya harusi Baba aliniita nimshikie mkanda wa mashine anaufunga. Akaniambia bila kuniangalia kwamba siku ile, alipomwona mwenzake amebeba debe mwenyewe na jasho lote lile, aliona aibu, akamwamkia. Na Mwalimu akamwitikia. Akasema ndivyo ilivyo, wadogo tupo, ila nisimwambie mtu. Nikasema sawa Baba. Nilikuwa na jibu mdomoni na nikalimeza, kwa sababu niliogopa. Niliona kabisa mambo yalivyo: kila mmoja anaamini yeye ndiye aliyeachia, kila mmoja anaona amemhurumia mwenzake kwa kumwachia ushindi. Amani nzuri namna ile nani aiguse? Walikuwa wanasalimiana "za leo, za leo", wanaanza kwa pamoja kama wanakwaya, na neno shikamoo hakuna anayelitaja.

Mwisho mwisho wa miaka ile Mwalimu akastaafu. Kompyuta ilikuwa imefika mjini, moja, kwenye ofisi fulani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alivaa viatu vya Pasaka kwenda kuitazama. Karani akaiwasha, wakasubiri, picha ikatokea, kisha ikaganda pale pale, hata mshale hausogei. Karani akaona haya. Mwalimu alirudi Shanwe mwenye furaha, anamwambia kila anayekutana naye kwamba ameiona kwa macho yake na imekwama, sawasawa na kitabu kilivyosema.

Siku mbili tatu baada ya hapo alikuja mashineni. Baba alikuwa amekwenda Kasokola kumwona mjukuu, yaani mwanangu aliyebaki na Deo, na mashine imepumzika, dizeli inaletwa. Nikampa Mwalimu soda. Mpaka leo namwita Mwalimu, ingawa ni baba mkwe wangu na amenikataza mara nyingi. Akakaa kwenye kiti chake. Shati bado limefungwa mpaka shingoni.

Akasema kuna kitu anataka nikijue, maana yeye anazeeka. Siku ile ya debe, akasema, alimwamkia baba yangu. Uliondoka nyumbani kwangu umekasirika, akaendelea, nikafikiri siku kadhaa, nikaona nimeshika kitu cha kijinga. Nikaja nikaachia. Baba yako akaitikia, hakunitangaza kwa watu, tangu siku hiyo namheshimu sana. Basi ujue, yeye ndiye mkubwa.

Nikaona hapana, hii siwezi kuimeza mara ya pili.

"Mwalimu," nikasema, "na kama wakiachia wote wawili kwa pamoja?"

"Wanakwama upya," akasema hapo hapo, sauti ya darasani. "Wale wa darajani. Pita wewe, pita wewe."

"Hata kama hakuna aliyemsikia mwenzake?"

Akaitazama injini. Akaniangalia mimi, kule juu ninakosimamaga kumimina, kisha pale chini wanapokingia unga. Nilimwona anaipanga yote kichwani, nani alisimama wapi, nani alitazama wapi, na pazia ni nini. Chupa ya soda ikaanza kutikisika mkononi, nikadhani anaumwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakafuata mikunjo ya uso, akafungua kifungo cha shingoni, kitu ambacho sijawahi kumwona anafanya.

"Miaka yote hii," akasema, "na yeye ananihurumia mimi."

"Alinikataza kusema."

"Usimwambie. Mwache."

Dizeli ikafika, tukajaza, wateja wakaanza kupanga foleni. Bado najifuta mikono, nikasikia kengele ya baiskeli. Baba anarudi, amebeba muwa nyuma, zawadi ya mjukuu kwa babu mwingine. Akaegesha. Akajiandaa kusema za leo. Mwalimu alikuwa ameshasimama. Akavuta shati, akainama kidogo, na katika kimya kile, foleni nzima inasikia, akasema wazi:

"Shikamoo, mzee."

Muwa ukamponyoka Baba. Akamtazama Mwalimu, halafu polepole akageuza macho akanitazama mimi, na nikajua ameanza naye kupanga nani alisimama wapi. Akafungua mdomo.

Nikawasha mashine. Ilinguruma mara ya kwanza tu, ikafunika yote. Mimi nikageukia mahindi, ili nisione midomo.